Msusi wa barazani na kodi

Swali: Shikamoo dada. Nasuka nywele barazani kwangu, Temeke. Kwa mwaka naingiza kama milioni 5. Nikijisajili, kodi haitanimaliza?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Anza na TIN, yaani namba ya mlipa kodi. TRA, mamlaka ya mapato, wanaitoa bure, usimpe kishoka hata senti. Ukitumia jina lako mwenyewe, BRELA, wanakosajili majina ya biashara, huna haja nako. Ukiipa saluni jina jingine, lisajili. Leseni ni ya halmashauri.

Ila daftari! Mimi nilishona nguo miaka miwili bila kuandika kitu, na bado inaniuma. Kwa mauzo yako, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani wewe 30,000. Andika kila kichwa unachosuka, kuanzia leo, na risiti za rasta uzitunze.