Nimeinyanyua Kilitime yangu, sasa inakula mafuta kama lori

SWALI: Habari kaka fundi, mi nipo Mbezi Luis, nina RAV4 Kilitime ya injini ya 1ZZ otomatiki, niliinunua ikiwa standadi kabisa. Toka mwezi wa tatu nimeifanyia mambo, nimeweka spesa za kuinyanyua inchi 2 mbele na nyuma, tairi za mud (za matope) 245/70R16 (zilikuwa 215/70R16), kerea kubwa juu, na masega (yale ya kuchuja moshi kwenye ekzosi) nimeyatoa ili injini ipumue. Zamani lita moja nilikuwa napata km 10.5, sasa hivi napata 7.8 na wiki nyingine hata haifiki. Elfu hamsini ilikuwa inanisukuma siku tano za kazi kwenda Posta na kurudi, sasa Alhamisi asubuhi taa inawaka. Fundi wangu anasema nitoe kerea, shemeji anasema ni tairi, kwenye grupu la WhatsApp wamenambia nibadili pampu ya mafuta. Kitu kingine sijagusa, ukiacha tu gari ilichemsha mara moja pale Kimara fundi akatoa themostati, akasema kwa joto la Dar haina kazi. Nianze na nini? (Baba J)

JIBU: Baba J ndugu yangu, umetaja vitu vinne kwa mbwembwe afu cha tano ukakitupia mwishoni kama salamu za majirani. Hicho cha tano, themostati, ndo kimenifanya niache chai. Ila twende taratibu maana hata hiyo 7.8 yako siiamini.

Kwanza achana na habari ya elfu hamsini. EWURA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, wanatoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwaiyo elfu hamsini ya mwezi wa tatu na ya leo sio lita zilezile, na taa ya mafuta nayo ukipaki kwenye kamlima inawaka mapema. Pima hivi: nenda sheli, jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usimruhusu dada wa pale aongezee ili hela iwe kamili, rudisha tripu sifuri, tembea zako wiki nzima, rudi sheli ileile pampu ileile ujaze tena mpaka ikate. Kilomita gawanya kwa lita. Fanya mara tatu ndo upate namba ya kubishania.

Pili, dashbodi yako inakudanganya. Tairi ya zamani kipenyo chake ni milimita 707, hii mpya 749, yaani kila ikizunguka mara moja gari inasogea zaidi kwa karibu asilimia 6 na dashbodi haijui, yenyewe inahesabu mizunguko tu. Ukiona imeandika km 100 umetembea kama 106. Kwaiyo 7.8 yako kiukweli ni 8.3 hivi. Hakikisha kwa GPS ya simu ukiwa unaenda Kibaha, linganisha na tripu. (Na jamaa wa tochi nao uwaangalie, maana kama spidomita yako zamani ilikuwa inasema kweli, ukisoma 50 sasa unakimbia 53.)

Hapo tumebakiwa na upotevu wa kweli wa kilomita mbili na ushee kwa lita, na sasa swali langu kwako, linatokea wapi? Kerea inakula mafuta kwa sababu ya upepo, na upepo unaanza kuwa adui ukifika 80, 90 huko. Wewe unatoka Mbezi kwenda Posta kwenye foleni, hapo Ubungo unatembea spidi ya bajaji ya mgonjwa, kerea itakula nini? Itoe kama unaenda Moro kila wikiendi. Na kule kunyanyuka kwa inchi 2 ni hivyohivyo, gharama yake iko haiwei, ila ukishanyanyua wili alaimenti lazima maana miguu inabadili uelekeo, tairi zinaburuzwa upande na utaona zinalika kingo. Tairi zenyewe za mud ni nzito na mpira wake una meno, kila foleni ikiachia unazianzisha upya, hizo zinakula kweli na hakuna dawa. Angalau angalia upepo wa tairi, usikubali fundi pancha apige teke aseme "iko poa".

Sasa themostati. Huyu fundi wako hayuko peke yake, nusu ya gereji za chini ya miembe mji huu zinaamini hivyohivyo. Sikiliza, joto la Dar likituchoma sana ni nyuzi 33, 34. Injini yako inataka maji yawe nyuzi 80 na kitu, na themostati inakaa imefunga mpaka ifike huko ndo ifungue njia ya kwenda kwenye rejeta. Kwa injini, Dar ni friji! Ukiitoa, maji yanazunguka rejeta muda wote, ukipata barabara wazi kidogo upepo unayapoza, kontroo boksi (kompyuta ya injini) inasoma sensa ya joto la maji inaona bado baridi, inajua ndo kwanza umewasha gari asubuhi, inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia injini. Na otomatiki nyingi za Toyota haziruhusu ile gia ya mwisho mpaka maji yapate moto, kwaiyo unatembea injini inalia juu bila sababu.

Mi haya nimeyalipia. Nilikuwa na Carina, nimeinunua mkononi, mwaka mzima nalalamika mafuta, nimebadili plagi, filta, nimeosha nozeli. Mwezi wa saba nikaenda Lushoto, usiku baridi, mke wangu akasema washa hita. Nikawasha, ukatoka upepo wa baridi kama nimefungua friji ya soda. Na nilikuwa nimeendesha masaa sita! Kesho yake nafungua pale themostati inapokaa, ndani patupu, hamna kitu. Kwaiyo kipimo chako cha bure ni hicho, tembea nusu saa barabara wazi washa hita mpaka mwisho, kama haikuunguzi mkono umepata mwizi. Ukiwa na kale kaskana ka bluetooth ka kuchomeka kwenye gari, soma joto la maji ukiwa kwenye mwendo, ukikuta 60 na kitu usiendelee kutafuta.

Rudisha themostati, tafuta orijino, namba ya injini unayo. Ila usirudishe ukaondoka, kwa sababu gari ilichemsha Kimara kwa sababu fulani na hiyo sababu bado ipo humo ndani. Angalia feni kama inawaka, mfuniko wa rejeta, rejeta yenyewe kama imeziba. Na kama ulikuwa unaongezea maji ya kisima, yale ya chumvi, basi nishajua. Weka kulanti.

Masega sasa. Kuyatoa peke yake huwa hakumalizi mafuta, tatizo ni jinsi yanavyotolewa. Ukichomelea vibaya ukaacha kitundu mbele ya oksijeni sensa (inayopima moshi kwenye ekzosi), hewa ya nje inaingia, sensa inaona oksijeni nyingi, inaripoti petroli haitoshi, kontroo boksi inaongeza. Asubuhi injini ikiwa baridi iwashe, mwambie mtu azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kinene sekunde chache, we inama usikilize, ukisikia tsss au ukiona masizi meusi kwenye weldi, rudi kwa mchomeleaji. Chomoa na plagi moja, ikiwa nyeusi kavu kama imepakwa mkaa, petroli imezidi. Afu kaka, fundi alikutoza bei rahisi kuyatoa ee? Masega yana platinamu na paladiamu mle ndani. Uliondoka nayo?

Pampu ya mafuta usibadili. Pampu ikichoka gari inakosa nguvu, haianzi kula.

SWALI: Fundi, mi nina IST nimeweka ile filta ya wazi ya duara, sauti tamu ila mafuta yamepanda na taa ya injini inawaka. (Dada wa Tegeta)

JIBU: Dada, ile filta imekaa wazi kwenye boneti inavuta hewa ya moto ya injini, na kama umeipaka mafuta yake kwa wingi yanaruka yanaganda kwenye kale kasensa ka kupima hewa, kanaanza kusoma uongo. Nunua spreyi ya kusafishia sensa hiyo, sio kabureta klina, puliza, acha ikauke, rudisha boksi la filta la zamani kama hukumgawia mtu. Sauti tamu pia naomba uniambie inatoka saa ngapi, maana mguu wako kwenye pedeli nao unapenda muziki.