Saa za ukutani zilivyonisaliti

Wiki hii mmeuliza: hadithi yako ya kwanza ya picha na sauti ilikufunza nini ambacho kamera peke yake haikukufunza? Mimi ilinifunza kwamba sikujua kusikiliza.

Nilikuwa nimepiga picha miaka kadhaa kabla ya kushika kinasa sauti, kwa hiyo kazi ile niliiendea kwa kiburi. Sauti niliiona kama chumvi: picha zikishaiva, unanyunyiza. Nikamchagua mzee mmoja fundi saa kwa sababu ya mikono yake, na kile kioo kidogo cha kukuzia anachokibana jichoni. Nilimkalisha mezani pake, nyuma yake zikigonga saa tano za ukutani za pendula, ile fimbo yenye uzito inayobembea, nikamhoji dakika 40. Moyoni nikajipongeza: hata sauti za mazingira nimezipata bure.

Balaa lilianza kwenye kuhariri. Dakika 40 zilitakiwa ziwe tatu, kwa hiyo ni kukata tu: hapa kikohozi, pale sentensi iliyopotea njia. Maneno yakikatwa kwa uangalifu huungana, msikilizaji asijue. Saa hazikubali. Kila nilipoondoa nusu sekunde ya maneno, tik-tak ya nyuma iliruka hatua, na sikio halisamehe mdundo uliokosewa. Dakika ya kwanza peke yake ilikuwa na viraka 11, vyote vinasikika.

Kosa la pili lilitoka kinywani mwangu. Mtu mstaarabu akisimuliwa huitikia: ehee, naam, kumbe! Nami niliitikia kila baada ya maneno matano. Mzee alipofika kwenye jambo zito kuliko yote, saa aliyoitengeneza na mwenye saa akafariki kabla ya kuja kuichukua, nilidakia "Oo, pole!" juu kabisa ya neno lake la mwisho. Sauti mbili zikishapandana hivyo katika rekodi moja, kuzitenganisha vizuri ni kazi ngumu sana. Siku hizi naitikia kwa kichwa na macho, kisha nanyamaza hata pale jibu linapoonekana limekwisha. Mara nyingi huwa halijakwisha.

Nikarudi kwake kwa aibu. Alizisimamisha saa zote kwa kidole, moja baada ya nyingine. Maikrofoni niliisogeza hadi shubiri moja kutoka kidevuni, kwa sababu umbali ukiongezeka maradufu sauti ya msemaji hushuka desibeli 6 hivi, na mwangwi wa chumba ndio unaojaza nafasi. Tulipomaliza kuzungumza nilirekodi dakika nzima ya chumba hicho bila mtu kusema neno. Mzee alidhani nimechanganyikiwa. Lakini kila chumba kina kimya chake, na ukitaka pumzi kati ya sentensi mbili huwezi kuweka utupu mtupu, utasikika kama shimo. Mwisho akaziamsha saa, nikazirekodi kila moja peke yake ili nizilaze chini ya maneno nitakavyo. Kamera ilibaki begani. Mara ya kwanza mlio wake ulikuwa umedonoa mazungumzo yote.

Na picha? Nilianza na 61, zikabaki 26, karibu sekunde saba kwa kila moja. Za kwanza kutupwa ni zile nilizozipenda: yeye anasema bisibisi, mimi naonyesha bisibisi. Mtazamaji si mtoto wa kuambiwa jambo mara mbili. Pale kwenye saa ya marehemu niliweka picha ya mlango ulio wazi, bila mtu. Rafiki yangu mmoja anasema hapo nimejitia ushairi. Labda. Nimeiacha.

Kazi ilipokamilika nilimpelekea mzee. Picha hakuzishughulikia sana. Aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja kama yuko kazini. Dakika ya pili akainua kidole.

"Hebu irudishe hapo, mwanangu."

Nikairudisha.

"Hii inachechemea. Sikia: tik-tak... tik-tak... Imetundikwa upande."

Saa hiyo nilikuwa nimeisikiliza kwa hedifoni wiki mbili nzima. Mzee aliinuka, akaenda ukutani, akaisukuma kwa kidole gumba, kidogo tu, akabaki amesimama pale ameitegea sikio.