Sakafu ya Mbao Iliyochakaa Haihitaji Kung'olewa

Msomaji mmoja wa Njombe ameniandikia akiuliza iwapo afunike kwa marumaru sakafu ya mbao ya nyumba aliyorithi, kwa kuwa fundi amemwambia kwamba mbao zimekwisha. Swali lake limenigusa pabaya, kwani mimi pia niliambiwa maneno hayo hayo kuhusu sebule yetu hapa Mafinga, tena mbele ya shemeji zangu, ambao walicheka waliposikia kwamba nitaitengeneza mwenyewe. Siku hizi shemeji hao hao huvua viatu mlangoni bila kuombwa.

Katika sakafu nyingi, kinachochakaa kwanza ni tabaka la juu, yaani vanishi au nta, wala si mbao yenyewe. Dondosha matone ya maji pale panapokanyagwa zaidi: yakisimama juu, tabaka lingalipo, yakinywewa na kuacha doa jeusi, mbao iko uchi. Kisha lowanisha kitambaa cheupe kwa tapentaini, usugue kwenye kona. Kikitoka na utando wa hudhurungi, sakafu ilipakwa nta, na hapo usithubutu kupaka vanishi, kwa maana haitashika. Itabanduka kama gamba la nyoka. Fundi wangu hakufanya hata kimoja kati ya vipimo hivi. Alichungulia kutoka mlangoni, akataja bei.

Yetu ilikuwa ya nta, ambayo marehemu mama aliipaka kila Krismasi ilipokaribia, juu ya mbao za paini za Sao Hill, shamba la miti lililo hapa kwetu. Niliiondoa kwa tapentaini na matambara, madirisha yakiwa wazi na jiko la mkaa likiwa limezimwa, jambo gumu kwa baridi ya Juni huku kwetu, lakini mvuke wa tapentaini hushika moto upesi.

Paini ni mbao laini, na miguu ya kabati ilikuwa imeacha mabonyeo kila mahali. Hapo ndipo nilipoifurahia kazi. Nililaza kitambaa chenye unyevunyevu juu ya bonyeo, nikaweka pasi ya moto kwa sekunde chache, nikainua, nikarudia; mvuke ukapenya, nyuzi zilizokandamizwa zikavimba, na bonyeo likapanda hadi kidole kikapita bila kulihisi. Palipokatika nyuzi, pasi haisaidii.

Nilipiga msasa namba 120, kisha 220, nikifuata nyuzi za mbao. Nta ya nyuki niliiyeyusha katika bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikaiondoa mbali na jiko kabla ya kuichanganya na tapentaini, nikaipaka kwa wembamba na kusugua kwa kipande cha blanketi.

Tumezoea mno kumwachia mwenye mashine atuamulie thamani ya vitu vyetu, na kuona aibu kupiga magoti tukasugua sakafu zetu wenyewe. Pigeni magoti.

Nawe dada wa Njombe, ukigundua kwamba yako ni ya vanishi na matone yanasimama, ioshe, ipige msasa wa 220 mpaka mng'ao ufifie, futa vumbi lote, kisha paka vanishi mpya nyembamba. Ukikuta ubao unaodidimia ukiukanyaga, au wenye vitundu vinavyomwaga unga laini, huenda umeoza au umeliwa na wadudu: ng'oa ubao huo peke yake, na fundi umlipe kwa ubao huo tu.