Athari hii imepita wapi?

Wewe unayeanza kusoma jinsi akili na mwili vinavyoathiriana, jizoeze swali moja mapema: athari hii imepita wapi? Ukiambiwa huzuni imemdhoofisha mgonjwa, usikubali wala usikatae kabla ya kutafuta njia yake. Ni neva ipi, homoni ipi, seli zipi za kinga?

Anza na jaribio la Robert Ader na Nicholas Cohen la mwaka 1975, ulisome polepole. Panya walinyweshwa maji yenye sakarini, kitamu bandia, kisha wakadungwa siklofosfamidi, dawa inayochafua tumbo na kudhoofisha kinga. Baadaye waliponyweshwa tena sakarini bila dawa, miili yao ilitengeneza kingamwili chache zaidi. Ladha tu ilifika hadi kwenye kinga, wakati ambapo wengi waliamini kinga hujiendesha bila ubongo! Ila kinachonivutia zaidi ni makundi ya kulinganisha: walikuwepo panya waliopata sindano ileile lakini hawakuonjeshwa sakarini mara ya pili. Bila hao, jaribio lisingethibitisha kitu.

Kuhusu plasibo, yaani dawa bandia isiyo na kiambato cha tiba, tafuta utafiti wa mwaka 1978 wa Levine, Gordon na Fields kwa watu waliong'olewa meno. Wale ambao plasibo iliwatuliza, maumivu yao yalizidi walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni. Maana yake mwili una vituliza maumivu vyake, na matarajio huviamsha. Hapo njia inaonekana.

Lakini usiipende fani hii mpaka ikupofushe. Kwa miaka mingi wenye vidonda vya tumbo waliambiwa tatizo ni mawazo. Robin Warren na Barry Marshall wakamwonyesha bakteria, Helicobacter pylori. Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984, na mwaka 2005 wakapata Tuzo ya Nobel. Inaniuma kufikiria wagonjwa waliohimizwa watulie ilhali walihitaji antibiotiki. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa "ni mawazo tu", hata pale msongo unapochangia kweli.

Walter Cannon na Hans Selye, watafiti wa mwanzo wa msongo, utawakuta darasani, sitawarudia. Maabarani, chunga kortisoli, homoni ya msongo inayoweza kupimwa kwenye mate: kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka kuelekea usiku. Ukilinganisha mate ya saa 1 asubuhi ya mtu mmoja na ya saa 11 jioni ya mwingine, umepima saa, hujapima msongo. Andika muda kwenye kila kichupa, na muulize mshiriki aliamka saa ngapi.