Mkazo kwenye "well-known" unahamahama, na siyo makosa ya mtamkaji

Mkuu, umeuliza kwa nini umesikia "well-known" ikitamkwa namna mbili, na ipi ndiyo sahihi. Zote. Nafundisha Kiingereza sekondari huku Kongwa, na swali hili huibuka Kidato cha Tatu wakianza tu kujiandaa na mdahalo.

Angalia kivumishi hicho cha maneno mawili yaliyounganishwa kimekaa wapi kwenye sentensi. Kikiwa mwishoni, mkazo mkuu uko sehemu ya pili: "she is well-KNOWN", "our teacher is hard-WORKing". Kikitangulia nomino inayoanza na mkazo, unarudi nyuma: "a WELL-known SINGer". Mikazo miwili mizito ikikaribiana sana Kiingereza huisogeza, ndiyo maana ni "thirTEEN" lakini "THIRteen men". Wanangu huwa nawaambia wagonge dawati penye mkazo tu; hiyo ya mwimbaji inagongwa mara mbili, basi.

Sasa sisi waongeaji wa Kiswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na konsonanti ya mwisho tunaipachikia irabu. Cha kuchekesha, mazoea hayo wakati mwingine yanatubeba. "Short-SIGHTed", "old-FASHioned", mkazo umekaa palepale tunapoupenda. Hata anayesema "weli-NO-ni" mkazo kaupatia, ila silabi mbili kazifanya nne! Na hiyo "-ed" kwa kawaida ni silabi inapofuata t au d tu, kwa hiyo "old-fashioned" ni silabi tatu, na "blue-eyed" ni mbili.

Panapotuumbua ni kwenye vivumishi vya namna hii vinavyoanza na nomino. "HOMEsick" mkazo uko mwanzoni na hauhami hata kikiwa mwisho wa sentensi, lakini darasani nasikia "homu-SI-ki". "WAterproof", "HEARTbreaking" na "TIME-consuming" ni vivyo hivyo. Ila usiifanye msahafu: "duty-FREE" na "world-FAmous" zinaanza na nomino na bado mkazo mkuu uko sehemu ya pili.

Kwa hiyo kamusi iwe karibu. Kialama cha juu (ˈ) ni mkazo mkuu, cha chini (ˌ) ni mkazo mdogo, na vyote huwekwa kabla ya silabi yenyewe. Ukikuta cha chini mwanzoni na cha juu sehemu ya pili, jua hicho ni cha kuhama. Ukikuta cha juu mwanzoni, hicho hakibanduki.