Usizitupe hizo tramadoli kesho

Usizitupe! Umeandika kwamba umemeza tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii moja na mofini, miezi minne tangu upasuliwe mgongo, choo kimekuwa kigumu, na kesho unazimwaga zote uachane nazo. Hapo pa "kesho" ndipo paliponishtua, maana ndivyo nilivyofanya mimi.

Nilikuwa kwenye miligramu 300 kwa siku, kama nilivyoandikiwa, sijawahi kuzidisha hata kidonge. Nikaacha Ijumaa asubuhi. Usiku miayo mfululizo, kamasi zinatiririka kama nina mafua. Jumamosi jasho, vinyweleo vimesimama, tumbo linaendesha, miguu haitulii kitandani. Na mgongo! Uliuma kuliko siku niliyotoka chumba cha upasuaji. Nikajua kazi yote ya daktari imeharibika. Kumbe ni arosto: mwili uliozoea dawa ukinyimwa ghafla, maumivu hupanda hata kama kidonda kimeshapona. Sikulijua hilo. Nikakimbilia daktari mwingine, nikapigwa picha, nikaandikiwa dozi kubwa kuliko ya mwanzo. Siku mbili zile zikanirudisha kwenye vidonge miezi saba.

Aliyenitoa wodini bado nina hasira naye. Aliniambia, "Maumivu yakiisha, acha tu." Maneno manne! Hakusema kwamba mwili huzoea hata kwa anayefuata maelekezo kikamilifu, wala hakunipa ratiba ya kushuka. Kuzoea huko peke yake si uteja, lakini kwa kuwa hakuna aliyenieleza, nilijiita teja na kujificha hata kwa mke wangu.

Dawa zenyewe sizilaani. Siku za kwanza baada ya kisu, bila hizo nisingeweza hata kukohoa. Na mgonjwa wa saratani anayehitaji mofini apewe, asiogopeshwe na hadithi yangu.

Ila kuacha ni kwa ngazi. Mimi nilishuka miligramu 50 kila baada ya wiki mbili, mwili ukigoma nasimama hapohapo, daktari akinifuatilia. Yako aipange daktari wako. Na ukishashuka, usirudie dozi ya zamani hata usiku uwe mbaya vipi. Mwili hauihimili tena kama mwanzo, na pumzi inaweza kukatika usingizini, hasa ukichanganya na pombe au dawa za usingizi.

Kesho beba vidonge vyote uende navyo kwake, umweleze unameza kiasi gani na tangu lini, na usitoke mpaka akuandikie ratiba.