Betri ya sola iliyofungwa Desemba 2025: nafuu ya kodi ipo, lakini usisubiri hundi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Houston. Kimbunga Beryl cha Julai 2024 kilituacha gizani siku kadhaa, nikaamua nyumba yangu ya sola iwe na betri. Oktoba 2025 nilisaini mkopo, fundi akamaliza kazi tarehe 19 Desemba, marejesho nimeanza Januari. Muuzaji alisema serikali itanitumia hundi ya asilimia 30. Ni kweli? Na betri niliyomfungia mama kwake Tanga, nayo naweza kuidai?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na tarehe, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Nafuu hii ya kifungu cha 25D cha sheria ya kodi ya Marekani, ya asilimia 30 ya gharama, ilikatishwa na sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025; gharama za baada ya tarehe 31 Desemba 2025 hazipati kitu. Tena IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, haiangalii siku uliyolipa, inaangalia siku ufungaji ulipokamilika. Wewe ulikamilisha tarehe 19 Desemba, kwa hiyo umo, hata kama marejesho yameanza mwaka mwingine. Mteja wangu mmoja alilipa fedha zote Novemba, mafundi wakachelewa, betri ikapanda ukutani wiki ya pili ya Januari. Alikuja na risiti zake zote, na sikuwa na la kumfanyia. Iliniuma sana. Kwa hiyo tunza vizuri ankara ya mwisho na karatasi ya ukaguzi wa jiji, zile zenye tarehe.

Hundi haipo. Nafuu hii inapunguza kodi unayodaiwa, na ikishaifikisha sifuri inasimama. Tuseme betri, waya na kazi ya fundi ni dola 14,400, na kampuni ya umeme ilikupa ruzuku ya dola 1,000 kwa ajili ya betri hiyo. Ruzuku hiyo unaitoa kwanza, zinabaki 13,400. Asilimia 30 yake ni dola 4,020. Kama kodi yako ya mwaka 2025 ni dola 3,100, inafutwa yote, na dola 920 zilizobaki unazipeleka kwenye kodi ya 2026. Hazipotei, lakini hazigeuki fedha mkononi. Ila kumbuka: kama mwajiri alishakukata dola 3,600 kwenye mishahara na kodi sasa ni sifuri, hizo 3,600 zinarudi kwako. Nadhani hapo ndipo maneno ya hundi yanapozaliwa, na muuzaji hakupaswa kukuambia hivyo kabla ya kuona kodi yako.

Mkopo haukuzuii, lakini riba usiijumlishe. Soma pia mkataba wako kwa makini: kama umekodi betri na mwenye mali ni kampuni, nafuu si yako.

Sasa nenda kwenye betri yenyewe, soma kibandiko kilichobandikwa ubavuni. Tafuta kilowati-saa, yaani kWh, siyo kW. Watu wengi wananitumia picha ya kW, ambayo ni nguvu inayoweza kutoka kwa wakati mmoja. Sheria inauliza betri inatunza umeme kiasi gani, na inataka usiopungua kWh 3. Betri nyingi za ukutani zinavuka hapo kwa mbali, lakini kile kiboksi cha kWh 2 cha kuchajia simu na taa hakifiki.

Ya mama Tanga haimo. Nyumba lazima iwe ndani ya Marekani na wewe mwenyewe uwe unaishi humo. Najua wengi wetu tunajenga kote kuwili, na ile ya nyumbani ndiyo inayotugharimu zaidi, lakini usiichanganye kwenye hesabu hii hata kwa dola moja. Ankara ya Tanga ikionekana katikati ya karatasi zako, hata ya Houston itatiliwa shaka.

Unadai kwa fomu 5695, sehemu ya kwanza. Kuna mahali inauliza kama betri inafika kWh 3. Jibu ndiyo, kisha andika gharama. Kiasi kinachopatikana kinahamia Schedule 3, karatasi ya nyongeza ya fomu 1040, ile ya ritani yako ya kodi ya mwaka. Kama ritani ya 2025 umeshaituma bila fomu hiyo, irekebishe kwa 1040-X, fomu ya kusahihisha ritani. Kwa kawaida una miaka 3 tangu siku uliyoituma.